Boti Mbili Hazikutosha

Maputo, 8 Mei 2023

Mjomba Shamte,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na mkaza mjomba Mwanaamina. Mkono wake unaendeleaje? Bado unamuuma kukiwa na baridi? Huku mimi ni mzima, ila kikohozi cha vumbi la Maputo hakijaniacha. Ahsanteni kwa nazi na samaki wakavu mlioniletea kwa mkono wa Chaquir. Ofisini wote walijua nimepokea mzigo wa nyumbani, harufu haikunificha.

Mjomba, nimewekwa kwenye tume inayoishauri serikali kuhusu manowari mpya. Mimi ndiye luteni mdogo kuliko wote mezani. Kazi yangu ni kuandika kumbukumbu na kujibu wakiuliza mambo ya mitambo. Tarakimu siruhusiwi kukuandikia, lakini hoja zenyewe ziko magazetini. Tuko kumi na mmoja na tumegawanyika. Kundi moja linataka fragata tatu, yaani manowari kubwa za kukaa baharini wiki nzima, kila moja na mzinga mbele na makombora manane ya kupigia meli. Kundi la pili linasema gharama ya hayo makombora peke yake ingetupa boti nne za doria, basi tuchukue manowari moja na boti nyingi.

Wa makombora wanaongozwa na Kapiteni Januário. Si mtu wa kelele. Juzi alisema, "Meli isiyo na silaha ni sanduku la kubebea watu. Nimewahi kuipanda moja, sipandi tena." Nikamuuliza ilikuwa meli gani. Akafungua ukurasa mwingine.

Mimi sijui nisimame wapi. Pale mezani hakuna hata mmoja aliyewahi kusubiri meli ije imtoe. Wewe ulisubiri, Palma, mwaka ule wa uvamizi. Najua hupendi kulizungumzia, na kwenye simu hata sijaribu. Ila kama unaweza, niandikie: meli ilifanya nini, na ilishindwa nini. Wewe ni fundi wa mashine za boti, uliona mambo ambayo wengine hawakuyaona.

Ukishindwa pia sitakulaumu.

Mpwa wako,
Haula

*

Quionga, 30 Julai 2023

Mpwa wangu Haula,

Marahaba. Sisi wazima, Alhamdulillahi. Mkono wa mkaza mjomba wako unauma asubuhi tu, ukishapata jua unamkubali. Anakusalimu na anasema kikohozi unywe tangawizi, si vidonge.

Usidhani barua yako ilipotea. Ilifika mapema, ikakaa chini ya redio. Kila nikishika kalamu nilikuwa naikumbuka kazi nyingine. Juma lililopita Mwanaamina akaniambia, "Mtoto kauliza jambo la maana. Watu wanataka kununua meli na wewe umefunga mdomo." Basi nimeketi.

Tulikaa kwenye mikoko siku tatu. Siku ya tatu ikatokea meli, ya kubeba mizigo, si ya kivita. Ilisimama mbali kwa sababu pale maji hayana kina. Wakashusha boti mbili. Boti zenyewe zilikuwa na tumbo refu, zikakwama kwenye tope kabla ya kutufikia. Ikabidi sisi tuzifuate, maji mpaka kifuani, watoto mabegani. Mwanaamina hajui kuogelea. Nilimshika kiuno, na mkono wangu mwingine ulikuwa na mzigo, tuache hilo. Tukapanda safari ya pili.

Kufika melini, ngazi ilikuwa ya kamba. Wewe unajua mkaza mjomba wako na umri wake. Alipanda vidato viwili akaganda. Basi akashuka mwanamume mwembamba, amefunga kitambaa chekundu kichwani, akamwambia kwa Kiswahili cha watu wa bara, "Mama, nishike shingo, usitazame chini." Akampandisha mgongoni. Wimbi likawapiga kwenye ubavu wa meli, na hapo ndipo mkono ulipovunjika. Lakini hakumwachia. Alipomweka juu alimwomba radhi kwa ajili ya mkono, mtu aliyetoka kumpa uhai wake. Kisha akarudi kwenye boti akawasha mashine, akaenda kuchukua wengine. Sikumwambia ahsante. Nilidhani nitamwona baadaye.

Sasa, hayo makombora ya kupigia meli. Waliotuvamia hawakuja na meli. Na mzinga mkubwa ungempiga nani? Sisi na wao tulikuwa kwenye mikoko ileile. Waandikie hivi: boti za chini bapa, zinazofunguka mbele, mtu aingie kama anaingia nyumbani kwake. Ngazi ambayo mama wa miaka sitini anaipanda. Na idadi waandikie: boti mbili hazikutosha. Tulipoondoka, pwani bado ilikuwa imejaa watu.

Nina ombi moja. Yule wa kitambaa chekundu, mtafute. Wewe uko kwao, wanamaji mnajuana. Nataka kumshukuru kabla sijafa.

Mjomba wako,
Shamte

*

Maputo, 21 Agosti 2023

Mjomba,

Shikamoo. Natumai mko wazima. Tangawizi imesaidia, mwambie mkaza mjomba nimekiri.

Barua yako niliisoma mbele ya tume, nikaruka yale ya ndani ya nyumba. Kisha Kapiteni Januário akaniomba karatasi. Akaisoma mwenyewe, polepole, na lugha hii si yake ya kwanza. Akaniuliza, "Huyu mjomba wako alipanda na mfuko wa spana?"

Nikamwambia sijui.

"Alikataa kuuacha," akasema. "Nilimfokea kutoka juu kwamba nafasi ni ya watu, si ya vyuma." Akanirudishia karatasi akatoka, na kikao kikaahirishwa.

Kesho yake alikuja chumbani kwangu na kufunga mlango. Nakuandikia kama alivyosema. Alikuwa ofisa wa jeshi la majini aliyepangiwa meli ile ya mizigo, yeye na wanaume sita na bunduki tano. Safari tatu za boti zilikwenda salama. Ya nne wavamizi walikuwa wameshafika ukingoni. Boti ilikuwa imepakia watu kumi na tisa walipoanza kuipiga. Aliyeshika mashine alipigwa mbavuni. Hakuiachia. Aliigeuza boti, akaileta mpaka kwenye meli, hakuna abiria aliyeguswa, naye akafia sitahani. Alikuwa amefunga kitambaa chekundu. Aliitwa Virgílio, Mmakonde.

Nisamehe, Mjomba. Sikujua namna nyingine ya kukuambia.

Baada ya hapo Kapiteni aliamuru boti zipandishwe. Waliobaki pwani walibaki. Aliniambia, "Mjomba wako anauliza mzinga ungempiga nani. Nimejiuliza swali hilo miaka miwili, na jibu sina. Lakini kumtuma mtu tena kwenye boti isiyo na kitu cha kuilinda, hapana."

Nilikuwa nimemhesabu kuwa mtu apendaye silaha. Sasa sijui nimwite nani.

Mpwa wako,
Haula

*

Quionga, 19 Septemba 2023

Mpwa wangu,

Marahaba. Wazima sisi. Mvua za kwanza bado, tunasafisha shamba.

Nilimsomea Mwanaamina barua yako yote. Akatoka nje akaenda kwenye minazi. Aliporudi alisema, "Mimi nilimsema moyoni kwa huu mkono. Mara ngapi nimeugua nikasema, laiti angenipandisha taratibu." Akalia. Mimi nikalia naye, sina haya kukuandikia.

Kesho yake nilikwenda msikitini nikamweleza imamu. Nikamwambia marehemu hakuwa wa dini yetu. Imamu akasema, "Wema wake ulitufikia bila kutuuliza dini." Tukawaombea mama yake na nduguze subira na riziki, sisi sote tuliokuwemo msikitini. Wawili kati yetu walikuwa kwenye boti ile ya safari ya nne. Mmoja ni Selemane, muuza chumvi. Hakujua jina la aliyemtoa mpaka nilipolitaja mimi.

Sasa neno langu kwa tume. Nilikosea nusu. Mimi niliitazama siku ile nikiwa ndani ya maji, Kapiteni aliitazama akiwa juu ya sitaha, na wote tulikuwa tunatazama kweli. Mzinga wa mbali bado naukataa kwa mikoko, haumjui mwenye bunduki na mwenye mtoto mgongoni. Lakini boti iwe na bunduki yake yenyewe, ya mtu anayeona anampiga nani, na bamba la chuma mbele ya mshika mashine. Virgílio alikuwa amekaa wazi kama mtu aliyeketi barazani. Bamba si ghali. Hata mimi ningelichomelea.

Na Kapiteni mwambie haya kwa maneno yangu. Mfuko wa spana ulitulisha Quionga mwaka mzima, kwa hiyo kukaidi kwangu anisamehe, na kufoka kwake nimesamehe. Waliobaki pwani, hilo ni lake na Mungu wake, siwezi kumbebea. Lakini sisi tuliopanda tupo. Tunalima, tunaozesha watoto, tunagombana kwa mipaka ya mashamba. Aje atuone.

Na mama wa Virgílio yuko wapi?

Mjomba wako,
Shamte

*

Maputo, 12 Februari 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nisamehe kwa miezi hii yote. Sikuugua, na si kwamba niliwasahau. Tume ilifungiwa kazi na sisi tukakatazwa kuandikia watu mpaka kura ipigwe. Natumai wewe na mkaza mjomba mko salama na mihogo imekubali mvua.

Imepigwa Ijumaa. Tumependekeza fragata mbili, si tatu. Kila moja na mzinga wake mbele, kwa sababu bahari ya mbali ina wezi wa samaki na wapitishaji wa magendo wasioogopa kuambiwa. Makombora hatununui. Ila nafasi yake sitahani na nyaya zake zitaachwa tayari, kwa kuwa manowari inaishi miaka thelathini na hakuna ajuaye adui wa kesho. Gharama ya manowari ya tatu na ya makombora iende kwenye boti kumi na mbili za chini bapa, zinazofunguka mbele, kila moja na bunduki na bamba la chuma. Mchoro wa bamba niliuchora mimi.

Kura zilikuwa saba kwa nne. Kapiteni Januário alisema mwisho. Alisema, "Bado naamini iko siku tutayatamani makombora haya. Lakini nimewahi kukosa boti, na hapo nilikuwepo." Akainua mkono upande wetu, na wawili wa kundi lake wakamfuata.

Serikali inaweza kukataa, Mjomba. Fedha inaweza isipatikane. Sisi ni washauri tu. Lakini neno lako limo kwenye taarifa, ukurasa wa arobaini, bila jina, nadhani ndivyo ungependa.

Ahsante. Nilitaka kuandika zaidi ya hilo, nimefuta mara tatu. Ungeweza kuiacha barua yangu chini ya redio.

Mama wa Virgílio anaitwa Ermelinda. Alihama uwanda wa juu, kwao Wamakonde, baada ya mazishi, sasa analima Mute, hapo hapo kwenu kwenye barabara kuu. Kapiteni amechukua likizo. Anakuja, na ameniomba nikuulize kama kweli ulimaanisha aje.

Mpwa wako,
Haula

*

Quionga, 4 Machi 2024

Mpwa wangu Haula,

Marahaba, mwanangu. Sisi wazima kabisa, tunajiandaa na mfungo. Mihogo imekubali. Mkaza mjomba wako anasema mchoro wa bamba uutunze, uje umwoneshe.

Kapiteni alikuja. Nilidhani nitamwona mtu mkubwa, kumbe mfupi kuliko mimi. Alisimama kwenye ua hakujua akae wapi. Mwanaamina akamletea mkeka na maji ya kunawa, akamwambia, "Karibu baba, chakula kiko tayari," na mambo ya meli hakuyataja mpaka alipomaliza kula. Kisha akamshika mkono kwa ule mkono wake uliovunjika. Akamwambia, "Ahsante kwa kuja kutuchukua." Kapiteni akalia, tukamwacha, na Selemane aliyekuwa amekuja na wanawe watatu akamwonesha watoto mmoja mmoja kwa jina.

Siku ya pili tukapanda gari kwenda Mute, mimi, Mwanaamina na Kapiteni. Mama Ermelinda tulimkuta anamenya mihogo. Ni mwanamke mrefu, mkimya. Kapiteni akajitambulisha. Mama akasema kwamba waliokuja kumpa taarifa walimwambia mwanawe alifia kazini, wakampa bahasha na bendera, wakaondoka. "Kazi gani," akasema, "sikujua. Nilidhani alianguka."

Nikamweleza. Nilimweleza boti, tope, ngazi ya kamba, jinsi alivyomwomba radhi mke wangu. Mwanaamina akakunja mkono wa gauni akamwonesha pale mfupa ulipoungia. Yule mama akapagusa kwa vidole vyake vyenye utomvu wa mihogo, akapashika muda mrefu.

Akauliza, "Mlikuwa wangapi?"

Kapiteni akasema, "Mia moja na kumi na saba, mama. Nilihesabu mwenyewe."

Akasema, "Nitajieni."

Sikumwelewa mara moja. Akasema tena, "Majina yao. Nataka kuwajua."

Basi nikaanza. Mimi na Mwanaamina. Selemane. Haji mvuvi na mama yake. Yule mwalimu Josefina na wanafunzi wake wawili. Fátima aliyekuwa na mimba, akazaa mvulana kule mjini Pemba meli ilikotushusha. Kila jina alilirudia, taratibu, kwa matamshi ya kwao, na kama mtu ana watoto aliuliza watoto nao wanaitwaje. Mwanaamina alinikumbusha niliowasahau. Kapiteni akatoa daftari akaandika. Mihogo iliiva ikapoa jikoni, majirani wakaja wakakaa, jua likahama upande wa pili wa nyumba.

Tulifika arobaini na sita nikaishiwa. Niliona haya. Lakini yule mama alitabasamu, mara ya kwanza tangu tuingie, akasema, "Ni wengi. Kijana wangu ana watu wengi." Kisha akamwambia Kapiteni ale, mbona amekonda.

Haula, nimeanza kuwatafuta wenzetu wa melini ambao sikuwataja. Hapa Quionga nimepata kumi na wanne. Mjini Palma, sokoni, tisa. Mama Ermelinda naye ana daftari lake sasa, na watu wameanza kwenda kumsalimu wenyewe bila mimi. Fátima alimpelekea yule mvulana, wakashinda naye kutwa.

Nimesikia kuna jamaa wanne wako Olumbi, wamejenga karibu na barabara. Gari linaondoka alfajiri. Nikimaliza hapa nazima taa nilale.

Mjomba wako,
Shamte