Waliolala Chini ya Uwanja wa Soko

Mama yangu,

Nakupigia magoti kwa karatasi, maana kwa simu hutaki kunisikia. Yaya Ilunga, mwanao mkubwa, ananiambia kila nikipiga unasema umelala, hata saa nne asubuhi. Basi yaya akusomee barua hii, na asiruke neno, hata pale ninapojishtaki mwenyewe. Miguu yako inaendeleaje? Mvua imeanza huko Katuba? Mimi ni mzima, ila baridi inanitafuna masikio.

Najua kilichokuudhi. Mwezi jana uliniambia kampuni ya madini inataka kuliondoa kaburi la baba kule Kambove ili ichimbe pale. Nilikuwa na haraka ya kuingia kazini, nikakujibu: "Mama, alisha kufa. Musigne tu karatasi yabo, bamuhamishe, affaire iishe." Nawe ukasema: "Kasongo, baba yako haiko mufuko ya bunga." Ukakata simu. Mama, ulikuwa na haki, baba si unga wa kubebwa tu, na imebidi niambiwe hivyo na wafu wa watu wengine.

Unajua kazi yangu hapa Denmark ni kupanga mawe ya barabara. Sasa tuko katikati ya mji, kwenye uwanja mkubwa ulio mbele ya ofisi ya meya. Wameamua kuondoa magari yaliyokuwa yanaegeshwa pale ili watu wakae na watoto wacheze. Tuling'oa mawe, tukachimba mtaro wa mabomba. Jamani, sikujua kama ardhi inaweza kutunza mambo namna ile! Ukingo wa mtaro ulionyesha matabaka, kama mlango wetu uliopakwa rangi mara nyingi na sasa unabanduka. Juu kulikuwa na mawe ya soko. Chini yake jivu jeusi, la siku nyumba za mbao ziliposhika moto. Chini zaidi samadi ya soko la ng'ombe, magamba ya samaki, kokwa za matunda, na kiatu cha ngozi cha mtoto, uzi wake bado umeshika. Nilikitazama hadi nikasahau kula.

Siku ya tatu koleo langu likagusa mfupa. Mfupa wa mtu, Mama! Nikafanya kama mlivyotulea: nikavua kofia, nikachuchumaa, nikapiga makofi polepole, nikaomba radhi, kisha nikafukia upesi asibaki uchi. Msimamizi alinikuta nikishindilia udongo. Alifoka mpaka njiwa wakaruka. Kumbe sheria yao ni kwamba ukiona mfupa usiguse kitu, kazi isimame, aitwe mtaalamu. Nilijua nimefukuzwa.

Akaja mama mmoja mwenye mvi, kazi yake ni kuchimbua mambo ya kale, na Kifaransa anakijua. Akaniuliza kwa nini nilifukia. Nilipomweleza hakucheka. Alinipa brashi ndogo, akasema tufukue pamoja. Tukiwa tumeinama, akanisimulia. Zamani sana pale palikuwa na kanisa na makaburi yake. Kanisa likabomolewa, soko likatandazwa juu, watu wakasahau. Wameuza kabichi juu ya vichwa vya babu zao, askari wamepiga gwaride, vijana wamecheza dansi, magari yameegeshwa, na wafu wenyewe wako chini, kimya. Kila siku nilikuwa nakanyaga pale na mkate wangu mkononi! Nilitazama uwanja mzima nikaogopa hata kuinua mguu.

Tulimkuta mwanamke, na mtoto mchanga kwenye mkono wake wa kushoto. Siku mbili nzima yule mama alipiga magoti kwenye tope, mvua ikimnyeshea, akitoa mfupa mmoja mmoja, hata ile ya vidole vya mtoto, na kila mmoja akiuandika. Akawalaza pamoja, sanduku moja. Nikamuuliza jina la marehemu yule.

"Hakuna anayejua," akasema. "Ndiyo maana siwezi kumfanyia haraka."

Nilikwenda nyuma ya gari la mchanga nikalia. Yule hana jina wala ndugu, na bado mtu amempigia magoti mvuani. Baba yangu ana jina, ana mke, ana watoto, nami nilitaka azolewe na mashine kama kifusi ili nisichelewe kazini. Naona aibu, Mama. Nisamehe.

Nimeomba likizo. Msimamizi yule yule aliyenifokea amenipa wiki tatu, na nitafika kabla ya mwezi ujao kwisha. Jumapili nilimwambia yaya asitie sahihi kwanza. Tutakwenda Kambove sote. Mpwa wa baba ndiye atakayesema naye wa kwanza, kama desturi inavyotaka, na pemba, ule udongo mweupe wa kuombea wafu, mkononi. Mashine ikae mbali. Mimi nitashuka kaburini mwenyewe, na tutamtoa taratibu, hata ikichukua siku mbili.

Nisalimie yaya na mke wake, na tantine Monga, dada wa baba. Mwambie amwandae mwanawe, maana ndiye mpwa atakayesema na baba. Majirani pia, hasa yule anayekuchotea maji.

Na bwana wa kampuni akirudi na karatasi yake, mwambie kaburi lile lina mwenyewe, na mwenyewe yuko njiani.

Mimi mtoto wako uliyemkasirikia kwa haki,
Kasongo