Mai Tano za Dada Noi

Palma, Jumapili mchana. Manyunyu tangu alfajiri, sare yangu ya kazi haijakauka, na kichwani nina kijineno kimoja kinachonitesa tangu Alhamisi.

Mai.

Kimeletwa na Dada Noi, mpishi wa Kithai aliyejiunga na jiko letu la kambi ya gesi kule Afungi miezi mitatu iliyopita. Tunaelewana kwa Kireno cha kuokoteza na kwa vidole. Alhamisi tulikuwa tunamenya vitunguu, gunia zima, akaanza kutuchezea maneno ya kukunja ulimi ya kwao. Alisema mai mara tano mfululizo, akatuuliza tumesikia nini. Tukamjibu, tumesikia mai. Alicheka mpaka akaweka kisu chini.

Kumbe ni sentensi nzima. Mai ya kwanza iko juu, ni ukuni. Ya pili iko chini, ni mpya. Ya tatu na ya nne zote zinaporomoka kutoka juu: moja inakanusha, nyingine ni kuungua. Ya tano inapanda, nayo inauliza. Ukiziunga unapata: ukuni mpya hauungui, eti? Sauti ikipotea njia, umesema jambo jingine kabisa, au hujasema kitu.

Nilijaribu. Mimi huyu, bingwa wa maneno ya kukunja ulimi tangu utotoni! Kumbe michezo yetu ya pwani huusumbua ulimi, sikio limekaa zake tu. Wa Dada Noi unalitaka sikio, na langu lilikuwa limelala. Mai zangu tano zilitoka sawasawa kama matofali. Aliyeziweza mara ya pili tu ni Kornelio, mwosha vyombo, Mmakonde, jirani yetu hapa mtaani. Nikamuuliza ameweza vipi. Akasema kwao pia sauti hupanda na kushuka.

"Muulize bibi yako," akaniambia. "Wewe si mjukuu wa Mmakonde?"

Nikarudi kwenye vitunguu.

Sijawahi kuliandika hili hapa. Baba yangu ni mtu wa pwani, lakini mama ametoka bara, na Bibi Atanasia, mama yake mama, ni Mmakonde wa Mueda anayeishi nasi tangu sijazaliwa. Nyumbani tulikuzwa kwa Kiswahili, shuleni kwa Kireno. Kimakonde kilikuwa cha Bibi na mimi, tangu nilipokuwa nikibebwa mgongoni kwake. Nilipokuwa na miaka tisa alikuja shuleni na mihogo ya kuchemsha, akaniita kwa lugha yake mbele ya wenzangu: njoo ule. Wenzangu wakacheka. Nami nikamjibu bibi yangu kwa Kireno, "Não entendo." Sielewi.

Nilielewa kila neno.

Alinikabidhi mihogo, akaenda zake. Hakunigombeza, wala hakumwambia mama. Tangu siku ile huongea nami kwa Kiswahili tu. Utani wa bibi na mjukuu haukukatika, hadi leo ananiita mke mwenza, lakini lugha yake aliniondolea. Nami nikaacha miaka kumi na minane ipite kwa kuona haya. Sasa Alhamisi hii mjomba anakuja kumchukua kumrudisha Mueda, akazeekee kwao.

Leo nimeanza folga, mapumziko yangu ya kazini. Asubuhi nilimkuta Bibi jikoni uani anapuliza moto, nikamsikilizisha sauti ya Dada Noi niliyoirekodi kwenye simu. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Akaomba nirudie. Kisha akaivumisha puani bila maneno, juu, chini, zile mbili za kuporomoka, na ile ya kupanda, kila moja mahali pake. Vinyweleo vilinisimama.

"Huyu anaongea kama watu," akasema.

Nikamwambia maana yake. Aliutazama ukuni wake wa mwembe, bado mbichi, unafuka tu.

"Mwambie unaungua. Ila kwanza utamliza."

Nilikuwa nimejipangia maswali mengi ya sauti na lugha. Yote yakanitoka. Badala yake nikamwambia maneno yake ya siku ile, njoo ule, kwa Kimakonde, nikitafuta wapi pa kupanda na wapi pa kushuka. Yalitoka vibaya, nikajisikia mwenyewe.

Bibi hakugeuka. Alisukuma ukuni ndani, kisha akasema polepole, kwa Kireno ambacho sijawahi kumsikia akikisema:

"Não entendo."

Nilitamani ardhi inimeze. Alikuwa ameyatunza miaka yote hiyo, kama nilivyoyatunza mimi. Halafu nikaona mabega yake yanatikisika. Alikuwa anacheka, mapengo yote nje, na machozi yanamtiririka, na sidhani yalikuwa ya moshi peke yake. Akavuta kigoda cha pili, akakipigapiga kwa kiganja.

"Keti. Sema tena, mke mwenza. Ukimwita mtu hivyo, nani atakuja kula?"

Nikasema tena. Akanisahihisha. Nikasema tena, akanisahihisha, mpaka chai ikachemka na kumwagika.

Folga yangu inaisha Jumatano, mjomba anafika Alhamisi. Siku nne hazitoshi, najua. Lakini ninapoandika hapa Bibi ananiita kutoka uani, mihogo imeiva, na haniiti kwa Kiswahili.

Naelewa. Naenda.