Mate ya Yeyo kwa barua ya fizikia

Kitengela, Jumanne, 12 Agosti 2003

Nimekubaliwa! Mimi, niliyefungia digrii kabatini nikawa mkaguzi wa nyama, miaka tisa napiga mihuri mapaja ya ng'ombe, naenda Uholanzi kusomea fizikia. Nacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Leo nilimpelekea Yeyo, mama yangu, barua huko Kajiado, nikamsomea yote kwa Kimaasai.

"Hiyo fizikia ni ugonjwa wa ng'ombe?"

"Hapana, Yeyo. Ni kujua kwa nini vitu vinasonga."

"Kumbe wazungu hawajui?"

Kisha akaichukua na kuitemea mate, vile wazee wetu hubariki mtoto. Yakatua moja kwa moja kwenye sahihi ya profesa. Wino ukaanza kutambaa.

Na kesho kutwa niko na intavyu ya visa, na barua ni hiyo moja tu! Nitawaambia nini? Kwamba mama yangu alifurahi sana?

Nilishikwa na hasira, nikafungua mdomo nimgombeze. Lakini ule wino... Ulianza mbio, halafu ukapunguza mwendo, pole pole, kama umechoka. Nikavua saa. Nikachukua rula, nikaanza kupima umefika wapi kila dakika.

"Sasa unafanya nini?" Yeyo akauliza.

"Ngoja kidogo, Yeyo. Usiguse."

Miaka tisa, hakuna nyama iliyonifanya nivue saa.

Barua iko kwenye kamba ya nguo, katikati ya soksi zangu. Sahihi haisomeki hata kidogo. Lakini niko na vipimo kumi na moja.