Hatua Sitini Kutoka Mtoni

Sikonge, 6 Novemba 2023

Mwanangu Recheli,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Uvinza. Mimi sijambo, ila goti tu, ambalo siku hizi huamka kabla yangu. Simu huku haishiki, ndiyo maana barua nimempa Majidi, yule muuza asali anayepanda treni ya Kigoma.

Tulipomzika mama yako miaka minne iliyopita, wewe mwenyewe ulihesabu hatua kutoka msalabani hadi ukingo wa mto: sitini. Jana nimehesabu ishirini na mbili, na miguu yangu ni ileile. Mto unakula upande wetu tu. Ng'ambo, kwa Masolwa, unaweka mchanga mpya, naye ameshapanda viazi. Wewe ndiye uliyesomea maji. Niambie, mto huu una ugomvi gani nasi?

Baba yako, Festo

Uvinza, 19 Novemba 2023

Shikamoo baba,

Mimi mzima, nashinda darajani nikipima kina cha maji. Pole na goti, usiache kulikanda.

Mto hauna ugomvi na mtu. Kule juu kwenye mawe unakoanzia una haraka, unachimba kwenda chini. Ukifika tambarare kama kwetu, unaanza kula kandokando. Penye kona, maji ya upande wa nje hukimbia na kumega ukingo. Ya upande wa ndani hupunguza mwendo, hushindwa kubeba mchanga, huutua. Mama yuko upande wa nje, Masolwa yuko upande wa ndani. Maji yenu hushuka mpaka huku kwangu, na hapa mto ni mpana na mwekundu, umebeba udongo wenu.

Lakini hatua thelathini na nane kwa miaka minne ni nyingi mno, baba. Kuna kitu kimebadilika huko juu. Kuna mtu amechimba? Mwone mchungaji na mwenyekiti wa kijiji, mumhamishe mama kabla mvua hazijakolea. Nakuomba.

Mwanao, Recheli

Sikonge, 8 Januari 2024

Marahaba mwanangu,

Goti limepoa, sasa kinachouma ni kingine. Nimekaa na barua yako wiki nyingi kwa sababu aliyechimba ni mimi.

Mwaka uliofuata msiba, maji yalikuwa yanaozesha vitalu vyangu vya tumbaku pale kona ya juu. Mimi na Masolwa tukakata mfereji shingoni mwa kona ili mto unyooke. Ulinyooka. Tulichinja mbuzi. Maji yaliyokuwa yakizunguka na kufika kwa mama yako yamechoka, sasa yanafika mbio. Nilishindwa kumweleza mchungaji mambo haya uso kwa uso, mvua zikanitangulia.

Juzi nimemweleza. Kibali kimetoka, tutamhamisha Jumamosi tarehe ishirini. Zimebaki hatua tisa. Njoo, sitaki kumtoa bila wewe.

Baba yako

Uvinza, 14 Januari 2024

Shikamoo baba,

Sina la kukulaumu. Ulikuwa unaokoa tumbaku iliyonisomesha. Nimepata ruhusa, nakuja na treni ya Alhamisi. Lakini mvua ikizidi msinisubiri. Na usisimame ukingoni kuhesabu, udongo huliwa chini kabla ya juu.

Recheli wako

Sikonge, 29 Januari 2024

Mwanangu,

Nimesikia treni haikupita kwa sababu ya mafuriko. Usijilaumu, lawama ni yangu na nimeshaibeba.

Ijumaa mvua ilinyesha kutwa, hatukuingoja Jumamosi. Tulikwenda na majembe, mimi, mchungaji na Masolwa, ambaye alilia kuliko mimi. Hatukuwa tumepiga jembe hata moja, ukingo ukamegeka. Niliuwahi msalaba tu. Masolwa alinikamata shati, la sivyo ningemfuata mama yako.

Ulisema udongo unaoliwa huku mto huenda kuutua huko chini. Basi Majidi anakuletea msalaba pamoja na barua hii, ameufunga katikati ya ndoo zake za asali. Maji yakipungua, tafuta kona tulivu, uusimike juu ya ukingo, upande wa ndani, kama ulivyonifundisha. Kisha hesabu hatua mpaka kwenye maji, uniandikie ni ngapi.

Baba yako, Festo