Chatu Hawaulizani Ukoo

Jumatatu, 10 Juni 2019
Nimebadilisha maji, nimezoa mavi, nimewapa chatu panya wao. Kawaida ya shamba hili la kufugia chatu, hapa Mansfield, ughaibuni. Mayai ya wale wa njano yameanza kupasuka. Dume na jike hao ni wa tumbo moja. Bosi aliwaoanisha makusudi, rangi isipotee. Mchana Simiyu amepiga simu kutoka Garland. Anataka tuoane Desemba. Nimecheka peke yangu kama mwehu.

Alhamisi, 13 Juni
Wametoka. Wazuri, rangi ya siagi. Mmoja hana macho. Mwingine mgongo umepinda, hamezi kitu. Bosi amemtia kwenye friza afe, halafu akaniambia Novemba nimrudishe dume kwa dada yake. Nikamuuliza kama haoni vibaya. Akasema nyoka hajui dada. Sawa, hajui. Sisi tunaojua je?

Jumapili, 16 Juni
Nimempigia mama, Bungoma. Nilingoja vigelegele. Akauliza jambo ambalo mimi na Simiyu hatujawahi kuulizana: ukoo wake. Huku kila mtu ni Mkenya tu, tukajisahau. Nilipoutaja, akataka niutaje tena. Kisha: “Huyo ni wa kwetu nilikozaliwa, mwanangu. Ni ndugu yangu. Hamwezi.”
Nimemkasirikia. Hakuna hata anayejua babu gani anawaunganisha.

Jumatano, 19 Juni
Nimemweleza Simiyu. Amesema: “Huku nani atajua? Twende tu courthouse tu-sign cheti cha ndoa, iishe.”
Namtaka. Namtaka hadi chakula hakipiti.

Jumanne, 25 Juni
Nimemwambia bosi wale ndugu siwaoanishi. Aniachishe kazi akitaka. Amenipeleka kuosha matrei ya chatu.
Najua yao na yetu si kitu kimoja. Wao ni damu kabisa, sisi ni jina. Nimejiambia hivyo kutwa. Lakini nikimwona mama akilini, ameketi mbele ya mkwe ambaye kwa mila ni kaka yake, siwezi kusema ndiyo. Jioni nimemwandikia Simiyu kwamba haiwezekani. Hajajibu.

Ijumaa, 28 Juni
Hajajibu. Nina hamu naye vibaya sana.

Jumapili, 7 Julai
Ibada ya Wakenya, Richardson. Nilikuwa zamu ya chai. Simiyu amekuja kwenye foleni, macho mekundu. Zamani angenikumbatia. Leo amenyoosha mkono, mbele ya watu wote.
“Uko salama, mpwa wangu?”
“Niko salama, mjomba.”
Nikammiminia chai, akasogea kumpisha aliye nyuma yake.