Mtoto wa Njukini Uliyeniachia

Dada Mghoi,

Tumeshakuzika, na watu bado wanakuulizia.

Wanakuja hapa Kaloleni, Voi, wakitoka Mwatate, wakitoka Bura, wengine wameshuka kutoka Wundanyi na mtoto mgongoni aliyepita umri wa kubebwa. Wanasimama barazani karibu na cherehani yangu na kusema, "Tumeambiwa hapa kuna mama kiwete anayejua mahali pa kupata magongo bure." Nikiwaambia umefariki hawaondoki. Wanakaa, utadhani nimewaambia umeenda sokoni na utarudi.

Siwalaumu, kwa sababu mimi mwenyewe nakusikia. Si kila siku. Jua likiwa kali na redio ya jirani imezimwa, nasikia chuma kikigonga saruji kule chumbani kwako, kwachi, kwachi, na ule mburuto wa mguu wako wa kushoto. Nasimamisha cherehani. Mara ya kwanza niliita, "Dada?" Mabati yakalia kwa joto, basi. Mama alipokuja kukaa nami baada ya mazishi, hakuniuliza kwa nini naacha kushona ghafla. Yeye mwenyewe alikuwa anaacha kupeta mchele wakati uleule.

Nawaza sana ile siku ulipovipata vyuma. Baba alikuwa amekubeba mgongoni mpaka stesheni, kwa sababu muuguzi wa zahanati alimwambia kuna daktari Mombasa anayewatengenezea viatu vya chuma watoto waliopooza, na hataki hata senti. Majirani walimwambia watakukata miguu. Mlikaa huko hadi nikasahau sura yako. Mliporudi, ulishuka garini umesimama. Maisha yangu yote nilikuwa nakutazama chini, ukiwa umekaa au unatambaa, na siku ile nikainua uso kukutafuta. Ulikuwa mrefu kuliko mimi! Nikaogopa, nikajificha nyuma ya Mama. Ukacheka mpaka ukakaribia kuanguka.

Nafikiri ni siku ile ulipopata lile neno lako. "Msaada upo, Saru. Ila haujui nyumba yako." Ulilisema jikoni, ulilisema kanisani, ulimwambia chifu mbele ya baraza lake. Hukuwa na ofisi wala cheo. Ulikuwa unauliza tu. Uliwauliza wauguzi, mapadre, walimu, walinzi wa treni. Ndivyo ulivyojua misheni gani ina karakana ya magongo, shule gani inawapokea wasiosikia, gari la madaktari wa macho linasimama hospitali ipi na lini. Ulijua pia ni nani anayesema bure kisha anadai kuku.

Ukifika kijiji cha ugenini uliomba maji ya kunywa, na huku unakunywa unaangalia ni mlango gani unaofungwa mchana. Ulinieleza hivyo mara moja, bila kunitazama. "Nyuma ya mlango huo, Saru, kuna mtu kama mimi." Tangu hapo nami siwezi kuona mlango umefungwa mchana nikapita tu.

Halafu ukaenda Njukini, na mvua ikakunyeshea juu ya lori lililokwama kwenye matope. Ulirudi ukitetemeka. Kichomi kilikushika upesi sana, dada. Pale hospitalini ulinishika kitambaa cha gauni ukasema, "Yule mtoto wa Njukini. Yuko kwenye ghala la mahindi. Bibi yake alisema atanipa jibu." Nikakwambia pumzika, utanieleza vizuri kesho. Kesho yake pumzi ulizokuwa nazo hazikutosha maneno.

Nilimchukia mtoto huyo. Nilikuwa simjui jina wala simjui anaumwa nini, lakini niliona ndiye aliyekuchukua. Nisingeenda kumtafuta. Ni Mama aliyenituma. Tulikuwa tumekaa, chuma kimetoka kulia kule chumbani, akasema taratibu, "Nenda ukamwone huyo mtoto. Pengine dada yako ataacha kutembea."

Nikapanda treni ya Taveta. Nyika ya Maktau ilikuwa kavu, imenyooka hadi macho yanachoka, na mimi nimeshika mfuko wangu kama mtu anayekwenda kushtakiwa. Kutoka Taveta nikapata lori la wafanyabiashara wa mahindi. Sokoni Njukini nilimwuliza mama muuza maharagwe kama anamkumbuka mwanamke mwenye miguu ya chuma. Akanyoosha mkono bila kufikiri. "Amepita hapa, ameelekea kwa Bi Rehema." Amepita, alisema. Hakusema alipita. Kabla sijamwuliza zaidi, miguu ilikuwa imeshaanza kwenda.

Bi Rehema nilimkuta uani, mwanamke mzee wa Kiislamu aliyejifunga leso mbili, anapukuchua mahindi. Nilipiga hodi. Kabla hajaitikia, sauti ya mtoto ikatoka ndani ya ghala.

"Umerudi! Mbona leo hukuvaa vyuma?"

Dada, nilishika ukuta. Nilikuwa nimesahau jinsi tulivyofanana sauti. Baba alizoea kutuchanganya akiwa shambani, akaita Saru ukaitika wewe. Mtoto akatoka akipapasa magunia, msichana wa miaka kama saba, nywele zimesukwa vizuri, gauni safi. Macho yake yalikuwa meupe kama maziwa yaliyoganda. Alikuja moja kwa moja mpaka kwangu, akainama, akanigusa miguu. Akagusa tena. Akarudi nyuma.

"Zuhura, mwache mgeni akae," Bi Rehema akamwambia. Kisha akanigeukia. "Wewe ni nani, mwanangu, uliyekuja na sauti ya mtu?"

Nikamwambia mimi ni mdogo wako. Nikamwambia na lile lingine. Bunzi la mahindi likamtoka mkononi.

"Inna lillahi," alisema. "Nami nikimlaumu! Nilimwambia arudi mwezi ukiandama nimpe jibu. Mwezi ukaandama, ukaandama tena. Nikasema huyu naye ametuchoka."

Ndipo aliponieleza. Mamake Zuhura, binti yake wa pekee, alikufa katika kumzaa. Mtoto alipofungua macho waliona weupe kidogo ndani yake, na weupe ukazidi kukua. Majirani walisema mengi. Yeye alijiambia ile ni sanda ya binti yake. Binti yake hakukaa kaburini, amekaa mle machoni mwa mtoto, na ndiyo maana mtoto hana nafasi ya kuona. Akawa anamfungia ghalani watu wasimkodolee. Jioni anamtoa, anamkalisha mapajani, na kumtazama machoni mpaka giza liingie.

"Dada yako akaja kuniambia huo ni mtoto wa jicho, na wako madaktari wanaoutoa, na hawataki malipo. Nikamwuliza, ukitolewa, binti yangu atakaa wapi? Unajua alinijibu nini? Alisema, 'Hilo sijui, bibi. Ninalojua ni kwamba huyu anawasikia wenzake wakicheza.' Akanywa maji yake, mvua ikiwa inakuja, akaenda."

Akafuta uso kwa leso. "Jibu langu lilikuwa ndiyo. Nilikuwa nalo hapa, sina wa kumpa."

Zuhura alikuwa amesimama kati yetu, anasikiliza. "Lakini hajafa," alisema. "Asubuhi huja mpaka mferejini. Husimama. Mimi humsikia."

Mimi na Bi Rehema hatukutazamana.

Nilifanya kama ambavyo ungefanya wewe. Niliuliza. Muuguzi wa Taveta alikuwa bado anakukumbuka, akaniambia gari la madaktari wa macho litakuwa hospitali ya Voi kabla halijafika kwao. Nikawaleta wote wawili, nikawalaza chumbani kwako kwa kuwa sina kingine. Zuhura aliingia, akasimama katikati ya sakafu, akavuta hewa. "Hapa ndipo anapokaa," alisema. Mama akatoka nje.

Daktari hakutuficha. Alisema angeletwa akiwa mchanga angeona vizuri, na kwamba jicho la kushoto limechelewa. Bi Rehema aliinamisha kichwa, nikamshika bega, kwa sababu najua wewe usingekubali alaumiwe mtu aliyelinda alichobakiwa nacho. Walimpasua la kulia kwanza. Siku ya kumfungua tulisimama ukutani kama watu wanaosubiri kupigwa picha.

Kitambaa kikatoka. Zuhura akapepesa macho, machozi yakamtoka, daktari akamvalisha miwani mizito ambayo nayo hatukuuziwa. Alitazama taa. Alitazama mkono wake, akaugeuza. Halafu akateremsha uso taratibu, akatazama miguu yangu. Alikaa akiitazama.

"Kumbe si wewe," alisema.

Ni hapo nilipokulilia, dada. Makaburini sikulia, watu walisema nina moyo mgumu. Nililia pale, mbele ya daktari na wagonjwa, hadi Mama akanitoa nje.

Bi Rehema alimshika mtoto kidevu, akamtazama ndani ya lile jicho jeusi, jipya. Alitafuta kwa muda mrefu. "Ameenda," alisema. Zuhura akamgusa mikunjo ya uso mmoja mmoja, kisha akavua miwani, akamgusa tena, kana kwamba anahakikisha ni mtu yuleyule. Bibi akaanza kucheka huku analia.

Sasa Zuhura anakimbia na wenzake. Anaanguka sana. Mwalimu wa Njukini amekubali kumkalisha mbele kabisa, karibu na ubao, na kumwandikia herufi kubwa. Zaidi ya hapo sijui, wala sitakudanganya kwamba mambo yote yamekuwa sawa.

Wala sitakudanganya kwamba umeacha kutembea. Juzi tulikusikia, mimi na Mama, mchana kweupe. Mama alisema tu, "Leo yuko polepole," akaendelea na mchele.

Bi Rehema, kabla hajapanda treni, aliniuliza jina lako na jina la baba yetu ili akutaje katika dua zake. Nikamwambia sisi ni Wakristo. Akaniambia Mungu ataelewa ni nani anayetajwa. Kwa hiyo ukisikia unaitwa kwa lugha ya msikitini, usishtuke.

Kuna mwanamke amekuja kutoka Mahoo. Mwanawe wa kiume hasikii wala hasemi, na watu wa huko wanamfunga kamba mguuni asipotee. Alikutaka wewe. Nilimwambia wewe hupo, kisha nikamwuliza mtoto ana umri gani, na kama aliwahi kuugua homa kali, na kama anacheka. Aliponijibu niligundua nimeshaanza. Nimeuliza ile shule ya wasiosikia, wamesema aletwe wamwone. Alhamisi napanda treni kwenda kumchukua.

Nakuahidi nitauliza mpaka nichoshe watu kama ulivyowachosha wewe. Kwaheri, dada yangu. Lala sasa. Huyu wa Mahoo niachie mimi.

Mdogo wako,
Saru