Mfuko wa Chungwa Kwenye Ngazi za Mto

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Basel Ndogo

Jina: Rosmarie Gysin
Umri: miaka 58
Kazi: fundi wa miwani
Makazi: Basel Ndogo, mtaa wa pili kutoka mtoni

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kwa hiari yangu, na Sajini Moser anaandika. Ameniambia niseme polepole. Nitajaribu.

Mnamo Jumamosi tarehe 17 Agosti, saa tisa alasiri, nilikuwa na kaka yangu Luzius kwenye ukingo wa Mto Rhine, kule juu watu wanakoingilia majini. Luzius ana miaka 63, na tangu utoto hajakosa kuogelea kiangazi hata kimoja. Mwezi wa tano alilazwa kwa sababu ya moyo, na daktari alimwambia akae mbali na mto mpaka mwakani. Mkewe, Therese, alidhani tumetoka kutembea tu. Mvua ilikuwa imenyesha sana milimani, mto una rangi ya kahawa ya maziwa na unakwenda mbio. Niliutazama nikasema siingii. Nilimwomba naye asiingie.

Hakunisikiliza. Alivua nguo, akazitia pamoja na viatu na simu ndani ya mfuko wake wa kuogelea, mmoja wa ile mifuko isiyopitisha maji yenye umbo la samaki. Kila mtu hapa anao, na nusu yake ni ya rangi ya chungwa kama wake. Mtu huukumbatia, nao humwelesha mpaka anapotoka majini. Akanicheka.

"Siku hizi umekuwa paka, dada? Haya, kaniagizie soseji. Nikifika ngazini nitakuwa na njaa."

Nikamjibu: "Ukizama, mimi sikuvalii nyeusi."

Nilikuwa natania. Naomba liandikwe hivyo hivyo nilivyolisema.

Nilishuka kwa miguu mpaka kwenye ngazi zilizo karibu na Daraja la Kati, ambako ndiko tunakotokea siku zote. Rafiki yangu Annelies Thommen alikuwa ameketi pale penye kibanda cha vinywaji. Niliagiza soseji mbili za kuchoma. Ng'ambo watalii walikuwa wakipigana picha chini ya kanisa kuu. Kivuko kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya maji, na mto ulikuwa unagonga ngazi kwa kishindo ambacho sikukipenda. Nilipomwambia Annelies kwamba Luzius yuko majini na moyo wangu hautulii, alinikemea niache uchuro.

Muda si mrefu ulikuja mfuko wa chungwa, unaelea peke yake. Annelies aliingia mpaka magotini akaudaka. Kwetu hilo si ajabu. Kila kiangazi mfuko humponyoka mtu, aliye chini huudaka na kuutundika kwenye reli ya ngazi, na mwenyewe huja peku, aibu imemjaa, watu wanamcheka. Mfuko wa mtu haufunguliwi. Ndani mna chupi yake na pochi yake, na sisi tumelelewa kutochungulia vya watu. Basi Annelies akautundika. Mimi nikasema huyo mzembe lazima ni mtu wa Zürich, mji ambao sisi wa hapa huutania siku zote. Tulicheka sana.

Soseji ya Luzius ilipoa. Nilijiambia amekutana na wenzake, maana huyo akianza kupiga soga hana breki. Annelies alishangaa kwamba mwenye mfuko naye haji. Nikamjibu labda anaona haya kupita mjini nusu uchi. Hata hapo sikuuangalia mfuko vizuri. Ulikuwa karibu nami kiasi cha kuugusa.

Saa kumi na robo nilitoa simu nimpigie Luzius. Nilikuwa na hasira, maneno ya kumgombeza nilikuwa nimeshayapanga.

Mfuko ukalia.

Nilikata, nao ukanyamaza. Annelies alinitazama. Nikapiga tena, ukalia tena, mlio wa kengele ya ng'ombe ambao Luzius aliwekewa na mjukuu wake. Nikakaa pale pale kwenye ngazi iliyolowa.

Annelies ndiye aliyewaita polisi. Boti ilifika upesi, sina lawama kwao. Lakini sisi tulikuwa tumekwisha kuketi na mfuko ule karibu saa nzima, tukimcheka mwenyewe.

Mfuko umefunguliwa hapa mezani, mbele yangu. Mna suruali, shati la bluu, viatu, simu, na miwani niliyomtengenezea kwa mikono yangu. Vyote vikavu. Boti zinamtafuta kuelekea mpakani, na mpaka sasa kaka yangu hajapatikana. Therese bado hajaambiwa.

Sina zaidi ya hayo. Nimesomewa niliyoyasema, na ndivyo ilivyokuwa.

Sahihi: R. Gysin

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika mimi, Sajini P. Moser, saa moja na nusu jioni. Shahidi alipokuwa akitia sahihi, simu iliyokutwa ndani ya mfuko ililia. Kwenye kioo palisomeka "Therese". Shahidi ameomba aipokee yeye mwenyewe. Nimemruhusu.